Vifuko vya oganza kwenye ua la bamia: nimevijaribu msimu mzima

Karibuni tena bustanini, ndugu zangu. Leo sina dawa wala mbolea, nina hiki hapa, cha kufunika ua ili mbegu ninazotunza zisichanganyike na za jirani. Mnakijua. Kifuko cha oganza, vile wanavyotiliwa wageni karanga na pipi kwenye harusi. Nilinunua 20 kwa shilingi 6,000, duka la mapambo. Kwenye duka la pembejeo niliulizia, wakanitazama tu.

Hizi bamia nyekundu ni za bibi, kazipanda tangu mimi sijazaliwa. Ng'ambo ya mfereji pale, jirani kapanda Clemson Spineless, mbegu ya Kimarekani ya tangu 1939. Si chotara, ni bamia nzuri tu, sina ugomvi nayo. Ila nyuki hajui mpaka, anabeba chavua ya kwake na kuileta kwangu. Mwaka juzi nilitunza mbegu bila kufunga chochote, na nilipopanda, baadhi ya miche ikanizalia bamia zenye wekundu uliopauka kama kanga iliyofuliwa miaka. Bibi alizitazama, akanyamaza. Afadhali angenigombeza.

Sogea na kamera. Tumba hili, mnaona lilivyochongoka, na ncha imeanza umanjano? Litachanua kesho asubuhi, na kesho hiyohiyo jioni limeshanyauka. Ukija kulifunga kesho saa tatu, nyuki keshapita. Fungeni leo jioni. Uzuri wa bamia, haihitaji mkono wako: chavua na stigma, yaani kale kanakopokea chavua, kenye rangi ya damu ya mzee, viko kwenye kinguzo kimoja katikati ya ua. Linajichavusha lenyewe humohumo kifukoni.

Sasa kasoro, maana sikulipwa na mtu. Kwanza saizi. Vile vidogo vya sentimita 7 kwa 9 ua linabanwa, linagusana na kitambaa, na nimemwona nyuki kwa macho yangu ametua nje anachokoachokoa kupitia matundu. Chukueni 10 kwa 15. Pili utepe wake, unateleza. Unavuta, unadhani umefunga, kumbe sisimizi wanapita pembeni ya kikonyo. Mimi nazungushia pamba kidogo hapa, halafu nakaza kwa uzi. Tatu, usikisahau. Kimoja nilikiacha siku tano, kufungua, vidukari wamejazana, wamenona, maana humo hakuna adui wa kuwafikia. Ua likishadondoka vua kifuko, ufunge uzi mwekundu kwenye kikonyo uijue bamia yako. Kifuko kinahamia tumba lingine.

Soksi ya nailoni nilijaribu. Inanasa kwenye manyoya ya bamia, na ikinyeshewa inagandamana na ua. Mfuko wa plastiki hapana, unatoa jasho, ua linaoza. Na rambo zenyewe zilishapigwa marufuku Tanzania tangu 2019, utazitoa wapi.

Kuna aliyeniuliza kuhusu mchicha. Kwa mchicha, oganza umetupa hela. Chavua yake inabebwa na upepo, ni vumbi laini kabisa, inapenya matundu haya bila hodi. Mchicha unataka mfuko wa kaki, uvike shada zima kabla halijafunguka, uwe unautikisa kila asubuhi. Mvua ikija, ubadilishe.

Kwa hiyo alama zangu: bamia, nane kwa kumi, na mbili nimekata kwa ajili ya ule utepe. Mchicha, sifuri.

Haya, hii hapa yenye uzi mwekundu ndiyo ya kwanza niliyoifunga msimu huu. Niliiacha hukohuko mtini zaidi ya mwezi, imekuwa kahawia, mbavu zimeanza kuachana. Naitikisa hivi... mnasikia? Ngoja niivunje. Aah, inawasha hii, ningevaa glavu. Mbegu hizi hapa. Duara, za kijivu, ngumu kama gololi. Bibi, njoo uone!