Mgema wa Milwaukee: Uchambuzi wa Bia za Bei Nafuu za Marekani ya Zamani

Watazamaji wapenzi, karibuni katika uchambuzi wa leo. Hapa mezani nina makopo matatu ya bia: Pabst Blue Ribbon, Hamm's na Old Style. Zote ni laga za Kimarekani, yaani bia nyepesi zinazochachushwa katika ubaridi, zenye majina ya zaidi ya miaka mia moja, zote nimezinunua hapa Chicago katika duka la kawaida la pombe, na zote zilikuwa katika rafu ya chini kabisa, ile ambayo muuzaji hajisumbui kuipamba kwa kuwa wanaoijia wanajua walichokifuata. Swali ninalotaka kulijibu ni moja. Mmarekani anayezililia bia za bei nafuu za ujana wake, au za ujana wa baba yake, na anayetoa pesa mfukoni ili azipate tena, anauziwa nini hasa? Je, ndani ya kopo kuna bia ile ile, au amenunua rangi na maandishi? Nikumbushe pia kwamba hapa Marekani umri wa kununua pombe ni miaka 21, kwa hiyo aliye chini ya hapo achukue historia na kinywaji atuachie sisi.

Nianze na Pabst, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Jacob Best, mhamiaji kutoka Ujerumani, alifungua kiwanda chake mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, mwaka 1844. Frederick Pabst, nahodha wa meli katika Maziwa Makuu ya Marekani, alimwoa mjukuu wa Best, akaacha usukani na kuingia katika biashara ya wakwe zake, na mwaka 1889 kampuni ikachukua jina lake. Kopo lake ni jeupe, lina utepe wa buluu na mstari mwekundu uliokatiza kimshazari, na pembeni yake yapo maandishi yanayodai kwamba bia hii ilichaguliwa kuwa bora kuliko zote Marekani mwaka 1893. Dai hilo lilizaliwa hapa hapa Chicago, katika maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka huo, ambapo Pabst na Anheuser-Busch ya St. Louis, watengenezaji wa Budweiser, ziligombania alama za waamuzi, na ugomvi ukaendelea hata baada ya maonyesho kufungwa. Ukweli ni kwamba waamuzi walitoa medali kwa kila bia iliyofikisha alama zilizotakiwa, na utepe wa buluu haukuwa miongoni mwa tuzo zao. Utepe ulikuwa ukifungwa shingoni mwa chupa na kampuni yenyewe tangu mwaka 1882, wa hariri halisi na kwa mikono ya wafanyakazi wake, hadi wateja wakazoea kuagiza bia ile yenye utepe wa buluu. Yaani kampuni ilijivika utepe yenyewe, miaka kumi na moja kabla ya mashindano, na sioni ubaya wowote katika hilo maadamu tunajua.

Namimina sasa. Rangi yake ni ya dhahabu iliyopauka, bia ni angavu kabisa, na povu lake jeupe linapanda upesi na kushuka upesi zaidi. Puani napata nafaka, hasa mahindi ya kuchemsha, pamoja na harufu hafifu ya majani inayotokana na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake. Mdomoni inaanza kwa utamu mdogo, katikati inapwaya, na mwishoni unakuja uchungu mfupi unaousafisha ulimi. Kilevi chake ni asilimia 4.8. Ikiwa baridi sana ni bia nzuri ya kukata kiu; lakini nimeiacha glasi ya pili ipoteze ubaridi kwa makusudi, na hapo utamu umezidi na umejitokeza ukakasi ambao sikuupenda.

Wapo watakaosema kwamba bia yenye mahindi ndani yake si bia, na kwamba mahindi ni ujanja wa kupunguza gharama. Ninaomba niwapinge kwa heshima. Wapishi wa bia wa Kijerumani waliofika Marekani katika karne ya kumi na tisa walikuta shayiri ya safu sita, aina ambayo suke lake lina safu sita za punje, na ambayo ina protini nyingi na huifanya bia iwe nzito na yenye ukungu, wakati wateja walikuwa wamekwisha kuvutiwa na laga angavu za Bohemia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ucheki. Kuongeza mahindi au mchele kulipunguza uzito wa protini hiyo, na bia ikatoka nyepesi na yenye kung'aa. Mahindi yalikuwa dawa ya tatizo la kweli, na yaliingia katika pipa kabla wahasibu hawajaanza kuwaelekeza wapishi la kufanya.

Jambo linalonishangaza zaidi katika kumbukumbu za watu ni bei. Pabst, Schlitz na Budweiser hazikuwa bia za bei ya chini katika enzi zake za utukufu. Kampuni hizo zilisafirisha bia mbali kwa reli, zikatoza zaidi kwa sababu ya nauli, na zikaigeuza nyongeza hiyo kuwa alama ya ubora, huku viwanda vidogo vya mitaani vikiuza kwa bei ya kawaida kwa majirani wao. Pabst iliteremsha bei yake mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili ishindane na bia hizo za wenyeji, na tangu hapo ikahesabiwa katika kundi lao. Kwa hiyo anayemkumbuka babu yake akinywa Pabst kwa kuwa ilikuwa rahisi huenda anamkumbuka babu aliyeanza kuinywa ilipokuwa ghali, na akaendelea nayo iliposhuka.

Viwanda hivyo vya wenyeji viliumia zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 400. Mwishoni mwa miaka ya 1970 havikufika 100. Matangazo ya televisheni ya nchi nzima yaliwapendelea wenye mitaji mikubwa, na viwanda vikubwa viliweza kuuza kwa faida kwa bei ambayo kiwanda cha mji mmoja hakikuimudu. Kila kilipofungwa kimoja, jina lake liliuzwa kwa mwingine, na kopo likaendelea kuonekana dukani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa niizungumzie bia ambayo haimo mezani, nayo ni Schlitz, kwa kuwa bila yake habari hii haieleweki. Ilijiita bia iliyoupatia mji wa Milwaukee umaarufu, na haikuwa ikijisifu bure, maana kwa miaka mingi ya nusu ya kwanza ya karne ya ishirini ndiyo iliyoongoza kwa mauzo nchini Marekani. Hapa Chicago ilijenga baa zake yenyewe, na baadhi ya majengo hayo bado yana tufe la dunia la Schlitz lililochongwa ukutani. Anayetaka kuliona aende katika jengo la Schubas, lililojengwa mwaka 1903, kwenye makutano ya barabara za Belmont na Southport. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sijaona kampuni iliyoitimiza methali hiyo kwa ukamilifu kama hii. Katika miaka ya 1970, ikiwa ya pili kwa ukubwa nyuma ya Anheuser-Busch, iliamua kuongeza faida kwa kupunguza kimea cha shayiri na kuongeza shira ya mahindi, na kwa kuharakisha uchachuaji hadi bia ikawa tayari kwa muda wa siku 15 hivi. Bia iliyoharakishwa ilipata ukungu ikipozwa, ikatiwa kemikali ya kuuondoa. Mwaka 1976, kwa hofu kwamba serikali ingeilazimisha kampuni kuandika kemikali hiyo kwenye chupa, ikabadilishwa kwa nyingine ambayo huchujwa isibaki ndani. Kemikali mpya haikupatana na dawa iliyotumika kudumisha povu, na chembechembe za protini zikaanza kuelea ndani ya chupa. Kampuni ilijaribu kunyamaza kwa muda, kisha ikarudisha chupa na makopo yapatayo milioni 10.

Mnywaji anaweza kusamehe mengi, lakini si kuona vitu vikielea ndani ya glasi yake. Mwaka 1977 kampuni ilileta matangazo ya televisheni yenye wanaume wa sura za vitisho waliokataa kunyang'anywa Schlitz yao, na watazamaji wakayabatiza jina la "kunywa Schlitz au nitakuua." Mwaka 1981 kiwanda cha Milwaukee kilifungwa, na mwaka 1982 kampuni nzima ikanunuliwa na Stroh ya Detroit. Jina hilo baadaye liliishia mikononi mwa Pabst, ambayo mwaka 2008 ilikusanya nyaraka na kuwahoji wapishi wastaafu ili kuirudisha ladha ya miaka ya 1960, kabla ya balaa. Walipoiingiza sokoni Milwaukee, iliisha madukani upesi. Huo ndio uuzaji wa kumbukumbu ninaouheshimu: mtu amerudi kwenye mapishi, hakuishia kwenye lebo.

Pabst yenyewe ni habari nyingine. Mwaka 1977 iliuza mapipa yapatayo milioni 18, na pipa la Kimarekani ni lita 117. Kufikia mwaka 2001 hayakufika milioni moja. Kiwanda chake cha Milwaukee kilifungwa mwaka 1996, na jumba la kupikia bia sasa ni hoteli ambayo mitungi yake mikubwa ya shaba bado imesimama mahali pake. Kampuni ikabaki na majina, na bia ikapikwa kwa mkataba na mshindani wake, Miller. Mwaka 2018 mbili hizo zilifikishana mahakamani huko Milwaukee, Pabst ikilalamika kwamba mwenzake alitaka kuacha kuipikia, na wakapatana wakati wazee wa baraza wakijadili hukumu. Fikirini hilo: kampuni ya tangu 1844 ikisema mbele ya mahakama kwamba bila sufuria ya jirani inaweza kufa. Na bado vijana wa Portland, katika jimbo la Oregon, waliichagua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu waliiona haina makuu, nayo kampuni ikawa na busara ya kutowaharibia kwa matangazo. Nchini China, mwaka 2010, chupa moja ya toleo maalumu lililoitwa Pabst Blue Ribbon 1844 iliuzwa kwa takriban dola 44. Huko si kumbukumbu tena, maana hakuna Mchina aliyekuwa na babu katika baa ya Milwaukee.

Nafungua Hamm's. Theodore Hamm aliianzisha St. Paul, Minnesota, mwaka 1865, na Wamarekani wa umri fulani hawaikumbuki kwa ladha bali kwa dubu wa katuni aliyekuwa akianguka na kuteleza katika matangazo yake ya televisheni kuanzia miaka ya 1950, yenye ngoma na wimbo kuhusu nchi ya maji ya buluu. Kiwanda cha St. Paul kilifungwa mwaka 1997, na leo bia hii ni mali ya Molson Coors, ambao angalau wanapika katika viwanda vyao wenyewe. Ni nyepesi kuliko Pabst, na ni safi zaidi: nafaka kidogo, utamu mdogo wa mahindi, uchungu ambao huwezi kuuona usipoutafuta, na hakuna ukakasi hata glasi ilipopoteza ubaridi. Haina lolote la kukushangaza. Kwa kuku wa kukaanga au samaki, nisingeongeza dola ili nipate nyingine.

Old Style ndiyo bia ya mji huu, ingawa ilizaliwa La Crosse, Wisconsin, katika kiwanda cha Heileman, ikapata jina hilo mwaka 1902. Ngao yake bado inaning'inia nje ya baa nyingi za mitaa ya Chicago, na ilianza kuuzwa katika uwanja wa besiboli wa Wrigley Field mwaka 1950. Heileman walijivunia mbinu ya Kijerumani ya kuongeza bia changa inayoendelea kuchachuka katika bia iliyokwisha kukomaa, ili mapovu yatokane na hamira na si kwa kupuliziwa gesi. Kopo hili lina gesi laini zaidi kuliko mengine mawili, harufu ya mkate, na mwisho mkavu unaoufanya mkono urudi kwenye glasi. Ni bia yenye sura yake. Udhaifu wake ni kwamba huchakaa mapema: makopo mengine niliyoyapata katika duka moja lisilo na wateja wengi yalikuwa na harufu ya karatasi iliyolowa.

Kwa fedha zangu, basi, Hamm's ni ya kwanza kwa thamani, Old Style ni ya kwanza kwa ladha ikiwa mbichi, na Pabst ni ya tatu. Sina chuki na Pabst, ila ninakataa kuilipia bei ya mtindo katika baa zinazoiuza ghali kwa sababu ya kopo lake. Aliye Rhode Island ana bahati kuliko mimi: Narragansett, bia ya huko ambayo kiwanda chake cha Cranston kilifungwa mwaka 1981, ilinunuliwa mwaka 2005 na mwenyeji wa huko, ikapikwa kwa miaka mingi Rochester, New York, na mwaka 2021 ikafungua kiwanda chake Providence. Aliye jimbo la Washington na anayeitafuta bia ya Olympia hana bahati hiyo: Pabst, wenye jina hilo, waliisimamisha mwaka 2021 kwa kukosa wanunuzi. Kwa yeyote anayekwenda dukani leo, geuza kopo usome tarehe iliyopigwa chini yake, kataa lililokaribia mwisho hata likipunguzwa bei, na usinunue boksi la makopo 30 kabla hujaonja moja.