Ndoo ya Asali Tabora: Funika Vikombe Kwanza, Ndipo Ulipe

Ukiwa Tabora mjini, asali haikosekani. Inaingia kutoka Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, na kila muuzaji atakwambia ya kwake ndiyo ya porini kabisa, ya maua ya miti ya mtundu na muba. Kwa rangi hutapata jibu. Asali nyeusi huonekana nzito hata ikiwa na maji mengi, na nyeupe hudhaniwa imechanganywa sukari wakati ni maua tu yaliyotofautiana. Kwa hiyo marafiki sita mnaochangishana kununua ndoo ya lita 20 mnahitaji jioni moja ya kuonja bila kujua mnaonja ya nani.

Hesabu ya ndoo kwanza. Lita moja ya asali nzuri ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 ni kama kilo 28. Anayeuza "ndoo ya ishirini" akimaanisha kilo amekupunguzia kilo nane. Muulize kabla ya bei: lita au kilo?

Chukueni sampuli tano kutoka kwa wauzaji watano, nusu lita kila moja. Mtu wa saba, asiyeonja, awe mpimaji. Yeye amimine asali kwenye vikombe sita vya rangi moja visivyoonyesha ndani, aviandike namba za tarakimu tatu kama 418 au 275 (namba 1 huwavuta watu kuipa alama nyingi), kisha afiche mfukoni orodha ya namba ipi ni ya asali ipi. Vikombe ni sita kwa sampuli tano kwa sababu asali moja inamiminwa mara mbili. Hicho ndicho kipimo cha waonjaji wenyewe: mtu akiipa asali ileile alama 8 kwenye kikombe kimoja na 4 kwenye kingine, alama zake zote za jioni hiyo ziwekeni kando.

Onjeni kabla ya kula. Nsansa (mboga za majani zilizokaushwa) ya karanga na kuku wa kienyeji vingoje jikoni, maana pilipili, kitunguu na chumvi huukalia ulimi kwa muda mrefu. Kila kikombe na kijiko chake kipya kwa kila mtu. Watu sita kwa vikombe sita ni vijiko 36, basi nunueni pakiti ya vijiko vya plastiki. Fumba macho, weka kijiko kimoja cha chai mdomoni, usimeze haraka. Iache iyeyuke, pumua nje kwa pua, na hapo ndipo harufu halisi inapojitokeza. Kisha maji ya uvuguvugu na tonge dogo la ugali mtupu kabla ya kikombe kinachofuata. Kila mtu aandike alama zake kimya. Sauti ya kwanza kusema "hii tamu" huwabeba wengine wote.

Mnatafuta nini? Moshi kwanza. Asali iliyorinwa kwa mwenge wa moto badala ya bomba la moshi (kifaa cha kuwapulizia nyuki moshi) hubaki na uchungu wa majivu nyuma ya koo, na uchungu huo hautoki hata uichuje mara tatu. Ukali wenye mchomo kidogo kama wa togwa ni dalili ya kuchacha. Ladha ya uji mbichi, na weupe unaoelea, ni majana (watoto wa nyuki) yaliyokamuliwa pamoja na asali. Utamu unaopiga mara moja na kupotea bila harufu yoyote unatia shaka ya sukari au ya asali iliyochemshwa. Asali nzuri ya miombo huchelewa kuondoka mdomoni.

Tukipanga aina zenyewe kwa mnunuzi wa ndoo, tunaweka mbele asali ya kuchuruzika: masega yaliyozibwa kwa nta hukatwakatwa, huwekwa juu ya kitambaa safi au chujio, na asali hushuka yenyewe bila moto. Mzinga uwe wa gome, wa gogo au wa sanduku, hilo si neno. Cha maana ni kwamba mrinaji aliacha masega ambayo hayajazibwa. Nyuki huziba sega maji yakishapungua, na asali isiyozibwa ndiyo inayochacha. Uliza ilirinwa lini: mavuno makubwa ya Tabora huja mvua zikishakwisha, kuanzia Mei hadi Julai.

Inayofuata ni ya mashine ya kuzungusha. Ni safi sana na huhifadhika vizuri, lakini harufu yake kwa maoni yetu huwa hafifu kidogo. Kwa duka au hoteli tungeipa nafasi ya kwanza.

Masega yenyewe ni ya tatu. Unaona unachonunua na ni vigumu kuyaghushi, ila unalipia nta kwa bei ya asali, na ndoo ya masega haitoi ndoo ya asali. Chukua kilo moja ya kutafuna na watoto. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulini.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma ingekuwa ya kwanza kama tungepanga kwa ladha peke yake. Ni nyepesi, ina uchachu wa ukwaju, na harufu yake hujaza chumba. Lakini ina maji mengi kwa asili yake, huchacha upesi, na bei yake iko juu sana. Nunua chupa ndogo, iweke kwenye friji. Usiishindanishe na nyingine mezani, itawavuruga waonjaji. Ionjeni mwisho peke yake.

Mwishoni kabisa ni ya kukamua kwa mkono na ya kuchemsha. Ya kukamua inaweza kuwa tamu siku ya kwanza, kisha ikatoa povu ndani ya miezi michache. Ya kuchemsha hudumu, ila harufu imeshaondoka na mvuke.

Ulimi hauwezi kupima maji. Kiwango cha kimataifa kinataka yasizidi asilimia 20, na mizani ya jikoni ya dijitali inatosha kukukaribisha hapo. Chukua chupa, ipime tupu, ijaze maji mpaka yawe gramu 250 na uweke alama. Ikaushe vizuri, mimina asali mpaka alama hiyohiyo, iache usiku kucha mapovu yapande, kisha ijazie kidogo na upime. Asali yenyewe ikifika gramu 352 au zaidi, vizuri. Ikiwa 345 au chini, ina maji mengi, hata kama ilishinda mezani. Kipimo hiki kinakamata maji, hakikamati sukari. Sukari inahitaji maabara. Kiberiti kuwaka, sisimizi kukimbia, tone kuzama kwenye glasi ya maji: visikushawishi, havitofautishi asali na shira nzito ya sukari.

Asali kuganda si kosa. Ni glukosi inayojitenga, na asali halisi nyingi hufanya hivyo. Weka chupa kwenye maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, ukiyabadilisha yanapopoa, mpaka iyeyuke.

Mkishapata mshindi, msikubali ndoo iliyofungwa kabla. Nendeni na chupa ya sampuli, fungueni ndoo mbele ya muuzaji, chovyeni kijiko kirefu mpaka chini, kwa kuwa asali nyepesi hukaa juu na ya chini huenda ikawa imeganda, kisha mlinganishe. Ndoo iwe ya plastiki ya chakula, mpya, isiyowahi kubeba rangi wala dawa ya shamba. Bati lenye kutu huliwa na tindikali ya asali. Mkigawana sita, kila mmoja anaondoka na lita 3.3, karibu kilo 4.7. Mifuniko ikazwe usiku huohuo, maana asali iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa.