TAHADHARI: Muuzaji wa risiva za dishi la mota ni tapeli, msimtumie hela

Kama kuna mtu anaongea na yule jamaa anayeuza risiva "maalumu kwa dishi la mota" (dishi linalozungushwa na mota kutoka setilaiti moja hadi nyingine), akate mazungumzo sasa hivi. Asitume hata senti moja. Amenipiga changa la macho mchana kweupe, na hasira niliyonayo hata kuandika naandika kwa shida. Mnajua nilivyohangaika na risiva yangu ya zamani tangu chaneli zianze kuhamia DVB-S2, ule mfumo mpya wa kurusha matangazo ya setilaiti, sitarudia hayo. Nilichotaka ni kitu kimoja: risiva inayozungusha mota yangu kwa USALS (inajikokotolea yenyewe dishi lielekee wapi) na inayofungua H.265, yaani video zilizobanwa kwa mfumo huo. Basi.

Na anayetaka kuniambia ningekuwa makini asome kwanza. Sikununua kwa kuangalia picha. Nilimhoji yule mtu, na yeye ndiye aliyetangulia kunihoji mimi. Kabla hata hajataja bei aliuliza: "Mkuu, mota yako ni ile ya H-H inayokaa kwenye nguzo, au ni jeki ya volti 36?" Niambieni, tapeli gani anaanza na swali hilo? Wauzaji wengi ukiwatajia mota wanadhani unaongelea pampu ya maji. Nikamjibu ni H-H, yaani inayozungusha dishi kutoka upeo hadi upeo, inayopata umeme na amri kupitia waya uleule unaokwenda kwenye LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi. Akasema afadhali, maana jeki ya volti 36, ule mkono unaosukuma dishi, ina nyaya nne, mbili za kuisukuma na mbili za kuhesabu imekwenda umbali gani, na hakuna risiva ya DiSEqC (zile amri ambazo risiva hutuma kwenye dishi kupitia waya wa antena) itakayoiendesha yenyewe bila kuweka pozishena, kisanduku cha kuendeshea jeki, katikati. Ni kweli tupu.

Akaendelea. Aliniomba latitudo na longitudo ya nyumbani, akaeleza kwamba USALS inachukua namba hizo na kukokotoa yenyewe pembe ya kila setilaiti, kwa hiyo sina haja ya kuzitafuta na kuzihifadhi moja moja kama tunavyofanya kwenye DiSEqC 1.2. Akanionya nisichanganye Mashariki na Magharibi kwenye menyu, dishi lisije likageukia kusikohusika. Akasema hata mota inakwenda haraka zaidi kwenye volti 18 kuliko 13. Kila neno lilikuwa sahihi. Ndiyo maana nasema huyu si mjinga aliyeuza kitu asichokijua. Huyu anaijua kazi, na elimu hiyohiyo ndiyo anayoitumia kuwaibia watu.

Kisha ikaja video, na hapo ndipo aliponimaliza. Alinipigia kwa simu ya picha. Kamera iko kwenye televisheni: menyu ya mota imefunguliwa, USALS imewashwa, chaguo liko Hot Bird, nyuzi 13 Mashariki. Akashuka taratibu kwa rimoti mpaka Nilesat, nyuzi 7 Magharibi, akabonyeza OK. Maandishi yakatokea kwamba dishi linazunguka, mstari wa kijani ukaanza kujaa. "Sasa tazama nje, mkuu." Akageuza simu dirishani, na kweli, dishi lile linajongea polepole kuelekea magharibi, mota naisikia inaunguruma. Alipoirudisha simu ndani, picha ilikuwa imeshakaa, chaneli inaonyesha safi. Nikamwambia arudi 13. Akarudi, na dishi likarudi! Ningetaka ushahidi gani zaidi ya huo? Nikatuma hela yote, na nikawaambia wenzangu kwamba hatimaye tumepata mtu wa kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela. Kuna watu wamemtumia malipo ya awali kwa sababu yangu.

Mzigo ulipofika nikaunganisha. Nikaingiza latitudo na longitudo, nikachagua setilaiti, nikabonyeza OK. Maandishi yaleyale, mstari uleule wa kijani. Nje, mota ikaguna, dishi likasogea kama upana wa kidole, likasimama. Ndani mstari ukaendelea kujaa mpaka mwisho kana kwamba kazi imekamilika, huku ubora wa mawimbi ukiwa sifuri. Nikajaribu tena, safari hii ikaniletea onyo kwamba antena imepiga shoti, ikajizima, ikawaka upya yenyewe.

Nikampigia. Kwanza akasema waya wangu ni mrefu. Nikaufupisha. Akasema mota imezeeka. Nikarudisha risiva ya zamani kwenye waya uleule, mota ikazunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kukwama popote. Akasema basi tatizo ni LNB. Nikachukua mita nikapima kwenye tundu la antena la hiyo risiva yake: bila mzigo inatoa volti 18 vizuri kabisa, lakini ukishaiamuru mota iondoke volti zinaporomoka chini ya 12, halafu inajizima. Haina nguvu. Mota inapoanza kuondoka inavuta umeme mwingi, na LNB nayo inakula wake kwenye waya huohuo. Risiva isiyoweza kutoa miliampia 400 hadi 500 kwenye antena itababaika tu.

Nyuma ya boksi kuna stika iliyoandikwa DVB-S2X (toleo jipya zaidi la DVB-S2), USALS, miliampia 500. Nikaona kona yake moja imeinuka. Nikaivuta kwa ukucha, ikabanduka nzima, na chini yake kuna stika nyingine, ya kiwandani: DVB-S2 ya kawaida, DiSEqC 1.0 na 1.1, miliampia 300. Wenye kujua mmeshaelewa. 1.0 ni ya kubadilisha LNB nne, 1.1 inafika hadi 16, hizo ni swichi tu. Mota inaanzia 1.2. Alichukua risiva ya bei ya chini, akaipakia programu ya modeli nyingine ili menyu ya mota ionekane, akabandika karatasi juu ya ukweli. Alikaa chini akaichapisha ile stika! Akaikata kwa vipimo, akaibandika. Mtu wa namna hii hastahili kuitwa mfanyabiashara. Anastahili kuwekwa ndani, arudishe hela za watu wote, na vifaa vyake vyote vichukuliwe.

Nilipomtumia picha ya stika mbili aliziona, alama za kusomwa zikatokea, halafu akanizuia. Hakujibu hata neno moja. Nikampigia kwa namba nyingine, aliposikia sauti yangu akakata.

Nimeirudia ile simu ya picha, maana niliirekodi ili niwaonyeshe wenzangu. Televisheni na dishi havionekani pamoja hata sekunde moja. Kila alipogeuza simu dirishani kuna mlio mdogo wa kitu kama kitufe, na mkono wake mwingine hauonekani. Dishi lile lilikuwa linazungushwa na risiva nyingine iliyokuwa pembeni, naamini hivyo bila shaka. Na ule mstari wa kijani hauthibitishi kitu chochote. Mawasiliano ya DiSEqC 1.2 yanakwenda upande mmoja tu: risiva inatuma amri, mota haijibu. Risiva inakadiria muda na kuchora mstari wake hata kama nje mota imekufa au haipo kabisa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha menyu inasema dishi linazunguka, usikubali. Mwambie asimame mahali ambapo kioo na dishi vinaonekana kwa pamoja, akikataa uachane naye.

Mengine ni haya. Alikataa kunitumia picha ya nyuma ya boksi kabla ya malipo, akisema limeshafungwa. Alitaka hela yote kwa mkupuo kwangu, kwa wengine akataka nusu, nadhani anapima mtu na mtu. Risiva ilikuwa nyepesi mno. Na bei yake haikuwa ya kutupwa hata ningeshtuka, ilikuwa bei ya haki ya risiva nzuri, ndiyo ubaya wake. Watu kama hawa wanatuharibia. Wanaotumia dishi la mota tumebaki wachache, tunategemeana, halafu mtu anatoka ndani mwetu, anayejua kutofautisha jeki na H-H, anakuja kutunyonya. Akamatwe, ajieleze mbele ya sheria, na kila aliyemuuzia arudishiwe chake.

Mliotuma malipo ya awali msimalizie, hata akiwaambia mzigo uko njiani. Mliopokea boksi, angalieni stika ya nyuma, inueni kona. Msifute mazungumzo wala sauti alizowatumia. Mimi stika zote mbili ninazo, risiti ya kutuma hela ninayo, na ile video ninayo. Naipeleka polisi wiki hii. Aliyeibiwa naye anitafute ili malalamiko yetu yaingie kwa pamoja.