Bonde la Dordogne na Vézère, Ufaransa: pango la kweli kwanza, mto pili, mgahawa wa uwanjani achana nao

Kwa wenye haraka: kama una gari nenda, kama huna gari kodisha gari halafu ndo uende. Huku sio Paris kwamba ukikosa treni hii unapanda ile. Treni ya kutoka Bordeaux mpaka mji mdogo wa Sarlat ipo, inachukua karibu masaa matatu na inapita mahali pazuri sana, mashamba ya zabibu mpaka macho yachoke, ila ukishashuka Sarlat ndo umefika hapo na kila kitu unachotaka kukiona kiko kilomita kumi huku, ishirini kule, na mabasi ni ya kuhesabu. Sisi tulikodi gari Bordeaux, masaa mawili na nusu hivi, barabara safi, za mwisho mwisho nyembamba zina kona kona, anayeendesha asitazame ngome.

Tulikuwa mimi, mume wangu na mamdogo wangu aliyekuja kutoka Tanga kututembelea. Mamdogo ni mwalimu mstaafu, alifundisha miaka mingi Kondoa, kwahiyo michoro ya mapangoni Kolo anaijua kama daftari lake la mahudhurio, na ndo maana nilimpeleka huku badala ya kumzungusha madukani. Nawaambia hilo mapema ili mjue review hii ina macho ya nani, maana nusu ya maoni humu ni yake.

Sasa, mito ni miwili. Dordogne ndo mkubwa, huo una ngome na vijiji vilivyobanwa na majabali. Vézère ndo mdogo, unaingia kwenye Dordogne pale Limeuil, na huo ndo una mapango. UNESCO waliliweka bonde la Vézère kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, maeneo ya kale yanayojulikana huko ni 147 na mapango yenye michoro 25. Hata wale watu wa kale wanaoitwa Cro-Magnon jina limetoka hapa hapa, kijiji cha Les Eyzies, mifupa ilikutwa 1868 wakati wanajenga mambo ya reli. Watu wengi wanakuja kwa ajili ya Lascaux peke yake, lile pango maarufu la michoro ya wanyama, wanaondoka, mi naona wanajipunja.

Tuanze na Lascaux basi maana najua mtaniuliza. Lascaux yenyewe HUINGII. Vijana wanne waliigundua Septemba 1940, baada ya vita ikafunguliwa kwa watalii, wakamiminika, mpaka wakawa zaidi ya elfu kwa siku, pumzi zao na joto na taa vikaanza kuharibu, ukuta ukaota ukijani, 1963 serikali ikafunga. Unachoingia leo ni Lascaux IV pale Montignac, nakala iliyofunguliwa Desemba 2016. Na ni nakala ya nguvu kwa kweli, wameiga mpaka mikwaruzo ya mwamba, ndani wameweka ubaridi wa pango, fahali mmoja ana zaidi ya mita tano, ukisimama chini yake unajiona sisimizi. Tiketi inazidi euro 20 kwa mtu mzima, unaingia na kundi na muongozaji, saa yako ikifika ndo yako, ukichelewa shauri yako. Kilichonifurahisha ni kwamba wawili kati ya wale vijana waligeuka kuwa waongozaji wa wageni pale pale pangoni kwao. Baada ya kutoka pangoni kuna ukumbi mkubwa wa skrini na vishikwambi, watoto wanapapenda, mamdogo alikaa kwenye benchi akanisubiri.

Nikamuuliza mamdogo umeonaje. Kasema, "Pazuri mwanangu, ila nimelipa kuangalia fotokopi."

Ndo nikampeleka Rouffignac, na hapa nyota tano bila mjadala. Rouffignac ni pango LENYEWE, michoro yenyewe, miaka kama elfu kumi na tatu, na kwa sababu pango ni refu mno (lina zaidi ya kilomita nane za njia) mnapandishwa kwenye kitreni cha umeme mnaingia nacho gizani. Kwa mtu mwenye magoti kama ya mamdogo hii ni neema, hakuna ngazi za kukutoa roho. Muongozaji anaendesha huku anasimama simama, anamulika na tochi. Kabla hujaona mchoro hata mmoja anakuonyesha mashimo ya mviringo kwenye sakafu, hayo ni malalo ya dubu wa mapangoni, walikuwa wanajichimbia wanalala kipindi cha baridi chote, na ukutani kuna alama za kucha zao, mistari minne mitano imeshuka pamoja, iko juu kuliko kichwa cha mume wangu na yeye si mfupi. Pale treni nzima ilinyamaza.

Halafu mamothi. Wale tembo wa kale wenye manyoya. Wako zaidi ya mia na hamsini humo ndani, wengine wamechorwa kwa mstari mweusi tu mmoja, mgongo, kichwa kile cha kibyongo, mkonga, kajicho kadogo, basi, na unamjua kabisa ni mamothi. Mwisho mnafika kwenye dari moja kubwa limejaa wanyama juu ya wanyama, mnashuka kwenye treni mnatazama juu, na mnaambiwa zamani hapo sakafu ilikuwa karibu na dari, kama mita moja tu, kwahiyo aliyechora alikuwa amelala chali, hawezi kuuona mchoro wake wote kwa wakati mmoja, na bado vipimo viko sawa. Sasa kwenye dari hilo hilo watalii wa zamani, wa miaka ya 1700 na 1800, wameandika majina yao kwa moshi wa mshumaa, jina limepita katikati ya tumbo la mnyama. Mamdogo akatikisa kichwa, "Hawa wa kuandika majina kwenye madawati nilidhani niliwaacha shuleni."

Kitu alichokigundua yeye ambacho mimi nisingekigundua: watu wako wapi? Kule Kolo watu wamejaa, warefu wembamba, wana nywele kubwa, wamesimama, wanakamatana, na wamechorwa chini ya miamba iliyo wazi unaona bonde lote mbele yako. Huku wanyama ndo wamejaa, binadamu karibu hamna, na mtu ameingia ndani kabisa gizani na kitaa cha mafuta kuwachora. Akamuuliza muongozaji (mimi natafsiri), muongozaji akacheka akasema hilo swali wataalamu wanaligombania mpaka leo, wakaanza kuongea Kolo pale nje ya pango mpaka kundi lingine likaitwa. Yule kijana hakuwa anaijua Kondoa, mamdogo akamwandikia kwenye karatasi, akamwambia nayo iko UNESCO tangu 2006, asije akafikiri.

Pango lingine la kweli ni Font-de-Gaume pale Les Eyzies, lina baisani (ng'ombe mwitu wenye kibyongo) wa rangi, nyekundu na nyeusi kwa pamoja, sehemu za namna hiyo zilizobaki wazi kwa watu ni chache sana. Ila wanaingiza watu wachache mno kwa siku na ni kupanda kilima kwa miguu, sisi nafasi hatukupata. Kama ndo lengo lako, buku mapema kabla hata ya kununua tiketi ya ndege. Na popote pale beba sweta, nje jua linawaka, ndani ni nyuzi 13, na picha marufuku.

Upande wa Dordogne sasa. Ngome za Castelnaud na Beynac zinatazamana mto ukiwa katikati, wakati wa vita vya miaka mia moja, ngome moja ilikuwa ya Waingereza, nyingine ya Wafaransa, yaani adui unamuona anaanika nguo. Mwenye watoto aende Castelnaud, ndani ni makumbusho ya vita, wana mitambo mikubwa ya mbao ya kurushia mawe na msimu wa wageni wanaonyesha inavyofanya kazi. Beynac ina kupanda, kupanda kweli. Zote mbili siku moja ni ubishi tu.

Ila ngome ambayo nataka kila mtu wetu aende ni Milandes. Hii ilikuwa nyumba ya Josephine Baker. Mtoto maskini mweusi wa St. Louis Marekani, kazaliwa 1906, kaingia Paris 1925 kuja kucheza jukwaani, 1947 ananunua kasri kwenye jabali juu ya Dordogne. Wakati wa vita ya pili alifanya kazi ya ujasusi dhidi ya Wajerumani, medali zake ziko pale kwenye kabati, unazisogelea unaziona. Kale kasketi ka ndizi alikochezea jukwaani pia kapo. Bafu lake moja ni jeusi na dhahabu, mume wangu alisimama pale muda mrefu nikaanza kuogopa bili. Aliasili watoto kumi na wawili kutoka nchi mbalimbali, rangi mbalimbali, dini mbalimbali, akawalea hapo kuonyesha watu kwamba inawezekana, na kuwalisha pamoja na kuliendesha kasri lile kukamfilisi. Likauzwa kwa madeni, 1969 akatolewa. Kuna picha yake amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, kajifunika blanketi, kavaa kikofia cha kulalia, na ukitoka jikoni ngazi yenyewe ndo hiyo unaikanyaga. Mamdogo hakuikanyaga, alizunguka. Mwaka 2021 Ufaransa ikamwingiza Panthéon, lile jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wao, mwanamke wa kwanza mweusi kupewa heshima hiyo. Nje wana maonyesho ya ndege wawindaji, tai na kozi, yamo kwenye tiketi, sisi tulikuta mvua tukayaacha.

Mto. Usiondoke bila kuingia kwenye maji. Mimi na mume wangu tulichukua kayaki Vitrac tukashuka nayo taratibu mpaka Beynac, na kwa mtazamo wangu hii ndo hela iliyotumika vizuri kuliko zote baada ya Rouffignac. Mto umetulia, hauhitaji ujuzi, wanakupa boya la kuvaa, kasia, na pipa dogo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza unatia simu na mkate humo, ukifika mwisho gari lao linakurudisha ulikopaki. Kuna sehemu maji yamepungua unasikia kokoto zinakwaruza chini, unashuka unasukuma, maji baridi lakini unaona mpaka vidole vyako. Unapita chini ya La Roque-Gageac, kijiji kimeegemea jabali na kimeota migomba na mianzi kwa sababu jabali linakinga upepo wa kaskazini na kutunza joto. Hilo hilo jabali 1957 kipande chake kilimeguka kikaua watu watatu. Watu wakajenga tena, wanaishi.

Mamdogo alisema kwenye kayaki haingii, kwahiyo yeye alipanda gabare hapo hapo La Roque-Gageac, zile boti za mbao zenye chini bapa, kama saa moja hivi, na maelezo ya sauti. Zamani ziliteremsha mbao za kutengenezea mapipa ya mvinyo kwenda upande wa Bordeaux, na nyingi zikifika huko zinabomolewa zinauzwa kuni, mabaharia wanarudi kwao kwa miguu. Alishuka anacheka, kasema ndo usafiri wa kistaarabu, sio nyinyi mmelowa mpaka makalioni.

Chakula, hapa nitapunguza nyota. Kama unakula kila kitu, uko peponi, bata kila kona, viazi vinakaangwa kwa mafuta ya bata na kitunguu saumu. Kama unakula halali jipange, maana bata yumo mpaka kusikotarajiwa. Mgahawa mmoja kwenye uwanja wa Sarlat tulieleza kabisa, kwa Kifaransa, kwamba mama hali nyama, mhudumu kaitikia vizuri, ikaja saladi imejaa firigisi. Firigisi! Kitu mamdogo anachokipenda kuliko vyote duniani, kimekaa mbele yake hawezi kukigusa. Tuliporudisha wakatoa firigisi wakaleta saladi ile ile. Tukalipa soda tukaondoka. Tangu hapo tulipika nyumbani, nyama tulikuwa tumebeba kutoka Bordeaux kwenye boksi la barafu, na sokoni Sarlat (Jumatano na Jumamosi asubuhi, Jumamosi ndo kubwa) tulinunua stroberi, vijibini vidogo vya mbuzi, na keki ya walnati ambayo mamdogo alibeba nyingine ya Tanga. Soko la ndani liko kwenye lililokuwa kanisa, limewekewa milango ya chuma mirefu ajabu, kazi ya msanifu majengo Jean Nouvel.

Chukua nyumba ya kupanga vijijini kati ya Sarlat na Les Eyzies, usichukue hoteli mjini, paking pale ni vita. Julai na Agosti ni foleni na bei, Rouffignac wanafunga kipindi cha baridi, kwahiyo Juni au Septemba. Na Jumapili mchana maduka yanafungwa, mkate nunua asubuhi.