Hyphanet: mipangilio ya usalama inayouliza unamhofia nani

Programu nyingi za faragha ninazoweka kwenye kompyuta za wateja zina ngazi moja ya usalama: chini, kati, juu. Mtu akiiona anabonyeza juu, anafunga dirisha, anaendelea na shughuli zake. Kitu cha kwanza kikigoma, anarudi anaishusha chini, na huko inabaki milele. Hyphanet, programu ya kuchapisha na kusoma mafaili bila kujulikana, imepita njia nyingine, na ndiyo sababu nataka wanaofanya kazi kama yangu waiangalie, hata kama hawatamwekea mteja yeyote.

Wengi mnaijua kwa jina la zamani, Freenet. Ilianzia kwenye kazi ya Ian Clarke alipokuwa mwanafunzi Edinburgh mwaka 1999, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Mwaka 2023 jina la Freenet lilihamia kwenye mradi mpya wa Clarke, na programu hii ya awali ikaitwa Hyphanet. Haina seva ya katikati. Kila anayeiendesha anatoa sehemu ya diski yake, na mafaili hukatwa vipande, hufungwa kwa funguo, kisha husambazwa kwenye kompyuta za watu wengine. Unaifungua kwa kivinjari cha kawaida, kwenye anwani ya 127.0.0.1, yaani kompyuta yako mwenyewe, mlango 8888. Inataka Java, programu ya kuiendeshea, iwe imewekwa kwanza, inakula bando kwa sababu unabeba pia mizigo ya wenzako, na kurasa zake hufunguka taratibu sana. Anayetafuta kasi asisumbuke nayo.

Sasa mipangilio. Ukiiwasha mara ya kwanza unapitishwa kwenye maswali, na uzuri wake ni kwamba hofu zimetenganishwa mbili. Kuna kiwango cha hatari ya mtandaoni, yaani anayekuchungulia kwenye waya. Na kuna kiwango cha hatari ya mtu atakayeishika kompyuta yenyewe. Kufuli ya mlangoni haimzuii jirani kukuona ukiingia nyumbani, na watu huchanganya mambo haya mawili kila siku. Nimehudumia mwandishi wa habari ambaye wasiwasi wake wote ulikuwa laptop kuchukuliwa mezani, na mwingine ambaye hakujali laptop kabisa, alihofia kampuni inayomuuzia intaneti. Ngazi moja ingewapa wote jibu lilelile, na angalau mmoja wao angekuwa amedanganywa.

Upande wa mtandao, viwango viwili vya chini vinakuunganisha na watu usiowajua. Ni rahisi kuanza hivyo, ila kwa kuwa yeyote anaweza kuunganishwa nawe, yeyote anaweza pia kujua kwamba unaendesha programu hii. Viwango viwili vya juu vinakuunganisha na marafiki peke yao, uwezo ulioingia na toleo la 0.7 mwaka 2008. Mnabadilishana faili dogo la utambulisho, kila mmoja anaongeza la mwenzake. Hapo ndipo mteja mmoja mzee aliponiambia, "Fundi, niwekee ile ya juu." Nikamuuliza, "Mzee wangu, una marafiki wangapi wanaoitumia?" Hakuwa naye hata mmoja. Kiwango cha juu bila marafiki ni programu isiyounganishwa na mtu. Nilifurahi kuona watengenezaji wamelifikiria hilo: ukipandisha kiwango huku huna marafiki, programu inakuonya na kukutaka uthibitishe kabla haijakubali. Onyo limekaa palepale pa uamuzi, ambapo mtu bado anaweza kurudi nyuma.

Kila rafiki unayemwongeza anapewa pia daraja la kuaminiwa, na unachagua kama marafiki wengine wamwone au wasimwone. Napenda hili sana. Imani kwa binti wa shangazi si sawa na imani kwa mtu mliyekutana semina, na hapa programu imekubali ukweli huo.

Upande wa kompyuta yenyewe ndipo nina ugomvi. Kiwango cha chini hakifungi vitu vyako kwenye diski. Cha kawaida kinavifunga, na ufunguo unakaa kwenye faili linaloitwa master.keys, ili lifutwe upesi mambo yakiharibika. Cha juu kinadai nywila. Cha juu kabisa kinatumia ufunguo unaotoweka programu ikizimika, kwa hiyo foleni yako yote ya kupakua na kupakia inapotea nao. Maelezo hayo yameandikwa, lakini jicho la mtu linakimbilia maneno "juu kabisa". Kwa mwenye laptop ya zamani ambayo betri yake imekufa, umeme ukikatika saa mbili usiku, kazi ya siku nzima imekwenda. Jina la kiwango lingetaja tokeo: "Futa kila kitu nikizima." Tor Browser, kivinjari cha faragha, inafanya vizuri zaidi hapa. Ina viwango vitatu tu, na chini ya kila kimoja imeandikwa kitakachogoma, kwa mfano kwamba kile cha juu kinazima JavaScript, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kurasa, kwenye tovuti zote.

Hata kitufe cha dharura cha Hyphanet, kile cha kufuta vitu vyako upesi, kinahitaji maelezo ya mdomo. Hakigusi faili ulilokwisha kulihamishia kwenye flashi, wala picha uliyoituma WhatsApp. Mimi huwaambia wateja hivyo kabla sijawaonyesha kitufe kilipo.

Kwa mtu aliye peke yake ninaweka kiwango cha "kawaida" upande wa mtandao, na cha "juu" upande wa kompyuta, nywila akiiandika mwenyewe mimi nikiwa nimegeuka. Kikundi cha watu wanaofahamiana uso kwa uso nawaomba waje pamoja na mashine zao, wabadilishane mafaili ya utambulisho mezani, ndipo tupandishe kiwango cha mtandao siku hiyohiyo. Wakiniambia rafiki wa tano ni mtu waliyempata Telegram, namwacha nje.