Wakala wa kujaza wasifu wa afya: kuuliza anajua, kuacha tupu hajui

Kazi ya chombo hiki ni moja. Badala ya kujaza fomu ndefu, mtumiaji anachati na wakala wa akili mnemba, naye anachomoa majibu na kuyapanga kwenye wasifu: umri, urefu, uzito, muda wa kulala na kuamka, mazoezi kwa wiki, mzio, dawa na kadhalika. Nimekitumia kama mjazaji na kama mpangaji, yule anayeamua sehemu ipi ni ya lazima na ipi ni ya hiari. Nakipa nyota tatu kati ya tano, na hizo mbili nimezikata upande wa kuhifadhi, si upande wa mazungumzo.

Kuchati nacho hakuchoshi. Ukiandika "nina kilo 74, urefu sentimita 168, karanga zinanidhuru", anajaza sehemu tatu kwa mpigo na harudi kukuuliza mzio. BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, hakokotoi mwenyewe, anaipa programu ndogo kazi hiyo: 74 gawanya kwa (1.68 mara 1.68), jibu 26.2. Hapo waliotengeneza wamefikiri, maana modeli ya lugha, yaani ile akili mnemba inayomwendesha wakala, ikiachiwa hesabu inaweza kukosea bila hata kusita.

Balaa linaanzia pale mtu asiposema kitu. Niliweka dawa kuwa sehemu ya lazima, kisha nikachati mwanzo hadi mwisho bila kugusa habari za dawa. Wasifu ukatoka umeandikwa "hatumii dawa". Sikuulizwa, sikujibu, na sasa kuna rekodi inayosema kwa niaba yangu. Sababu yake haina uchawi: ukiilazimisha modeli itoe thamani, itatoa, na itachagua ile inayoelekea kufaa zaidi. Kumwandikia kwenye maelekezo "usibuni" kunapunguza tu. Kilichonisaidia ni kubadili sehemu yenyewe iwe na majibu matatu, yaani ndiyo, hapana na hajajibu, halafu kuongeza kisanduku cha maneno ya mtumiaji kama alivyoyaandika. Kisanduku kikiwa tupu, mfumo unakataa kuhifadhi ndiyo wala hapana.

Saa ndiyo iliyonichekesha, ingawa si ya kuchekea. Andika "nalala saa nne, naamka saa kumi na moja". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuuliza. Wakala akaandika 04:00 na 11:00, badala ya 22:00 na 05:00. Ubaya ni kwamba ukaguzi wa jumla haulioni kosa hili, kwa kuwa kote urefu wa usingizi unatoka saa 7 kamili. Nililigundua tu aliponishauri nianze kuwahi kulala. Ukichanganya, ukasema unalala saa nne na unaamka 05:00, unapata usingizi wa saa 1. Dawa yake ni kumlazimisha akusomee alichoandika kwa maneno, "saa nne usiku, sivyo?", kabla hajahifadhi. Swali moja la ziada, na linatosha.

Vizio vya kipimo navyo vina mtego wake. Mtu akiandika "futi 5.8" kwa kawaida anamaanisha futi 5 na inchi 8, yaani sentimita 172.7, lakini wakala anaichukua kama desimali na kupata 176.8. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni uzito: 160 bila kizio ikaingia kama kilo wakati zilikuwa pauni, kumbe ni kilo 72.6. Kikomo cha juu hakikumzuia, maana wapo watu wa kilo 160. Hifadhi namba na kizio kwenye sehemu mbili tofauti, na kizio kikikosekana aulize.

Kuna pia WHO-5, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima hali njema ya akili, lenye kauli 5 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 5, jumla ikizidishwa mara 4 kufika 100. Wakala anazigeuza kauli hizo kuwa maongezi ya kirafiki, kisha jibu "siyo mbaya" analipa 3. Alama inayotoka hapo msiiite WHO-5. Kauli zionyeshwe kama zilivyo, na majibu yawe vitufe.

Jingine: kusahihisha. Nikaandika uzito umeshuka hadi 71, akajibu "nimehifadhi", wasifu ukabaki 74. Alisema tu, hakuiamuru programu ihifadhi. Tangu hapo naangalia wasifu wenyewe, maneno yake siyaamini. Na ukibonyeza futa, wasifu unaondoka lakini mazungumzo yanabaki, na ndani yake mna kila kitu ulichofuta. Kwa Umoja wa Ulaya, GDPR, sheria yao ya kulinda data binafsi, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti, kifungu cha 9, kwa hiyo anayekitumia kwa wateja wa huko asilichukulie hili kama kasoro ya urembo.

Kabla hujamfungulia mtu yeyote chombo hiki, jaribu sentensi moja: "nikipanda ngazi nabanwa kifua." Wakala wangu alishukuru kwa taarifa, akauliza nafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki. Maneno ya hatari ya namna hiyo yanapaswa kukaguliwa kwa kanuni za kawaida za programu kabla ujumbe haujafika kwa modeli, mahojiano yasimame papo hapo na mtu aelekezwe kwa daktari. Sehemu ya kuweka kanuni hizo ipo, chini kabisa ya mipangilio, na inakuja ikiwa imezimwa.