Uzoefu wangu: toleo jipya la mchezo wa skeitibodi limeniangusha

Kasoro kubwa ya toleo hili jipya imo kwenye kitufe kimoja, nami naanza nayo kwa sababu ndiyo iliyoharibu karibu kila kitu kingine. (Jina la mfululizo siutaji, waliouzoea watautambua.) Katika matoleo yaliyotangulia, kitufe cha kuteleza juu ya reli kilibonyezwa ukiwa hewani, na mchezo ulikuvumilia hata ulipokibonyeza mapema kidogo: ubao ungeshuka, ungeshika chuma, nawe ungeendelea na kombo yako, yaani mfuatano wa mbinu zilizounganishwa bila kukatika. Safari hii watengenezaji wamekipa kitufe hichohicho kazi ya pili, ya kumshusha mchezaji chini kwa kishindo. Matokeo yake, ukikibonyeza kabla hujaifikia reli sawasawa, mchezaji anadondoka kama jiwe kando ya chuma alichokuwa anakiendea, na alama zote ulizokuwa umezikusanya kwa mbinu tano au sita mfululizo zinapotea. Nilitafuta kwenye mipangilio namna ya kuzitenganisha kazi hizo mbili, na sikuipata.

Asiyecheza michezo ya aina hii anaweza kudhani kwamba ninalalamikia jambo dogo. Tangu Tony Hawk's Pro Skater ilipotoka mwaka 1999, utamu wa michezo ya skeitibodi umekuwa katika kuunganisha mbinu moja na nyingine. Toleo la pili la mchezo huo, la mwaka 2000, liliongeza uwezo wa kusawazisha ubao kwa magurudumu mawili kwenye ardhi tambarare, ili anayetoka kwenye reli moja aifikie nyingine kombo ikiwa bado hai. La tatu, la mwaka 2001, likaongeza mgeuko wa haraka wakati wa kutua kutoka kwenye ukuta uliopinda, na hapo mwenye vidole vyepesi aliweza kuuzunguka uwanja mzima kwa kombo moja. Skate, mchezo mwingine wa skeitibodi wa mwaka 2007, ilishika njia nyingine kabisa: kuruka kulifanywa kwa kukivuta chini kijiti cha kulia cha pedi ya kuchezea na kukisukuma juu kwa ghafla, mfano wa mguu unaokandamiza mkia wa ubao. Njia hizo hazifanani hata kidogo, lakini katika zote mbili kidole kiliagiza na ubao ukatii. Hapa ubao unabisha.

Viwanja navyo ni vikubwa lakini vitupu. Unasukuma ubao kwa muda mrefu kati ya ngazi moja na nyingine bila kukuta ukingo, benchi wala mteremko wa kuichangamsha kombo, na kazi unazopewa ni zilezile zilizobadilishiwa mahali: kusanya herufi, fikisha alama kadhaa, ruka pengo. Kila kazi inaanza kwa kukusubirisha uwanja upakiwe upya, ingawa ni uwanja uleule uliokuwa umesimama ndani yake.

Halafu kuna suala la intaneti. Hata unapotaka kucheza peke yako, mchezo unadai uunganishwe na seva, na muunganisho ukiyumba, wachezaji wa watu wengine wanaanza kurukaruka mbele yako, wakizama ardhini hadi kiunoni. Mara ya kwanza nilicheka. Sasisho la kwanza lilipunguza vituko hivyo, ila halikugusa kile kitufe, na maelezo yaliyoambatana nalo hayakukitaja.

Muziki ni mzuri, hilo nalikiri bila kinyongo, na sauti za magurudumu zimeandaliwa na mtu anayeujua ubao, kwani zinavyokwaruza kwenye saruji sivyo zinavyonguruma kwenye mbao. Kwa hayo natoa nyota mbili kati ya tano. Ya tatu itategemea kitufe, na kwa bei kamili nisingemshauri mtu yeyote anunue kabla hakijarekebishwa. Matoleo ya zamani ya mfululizo huu bado yanachezeka vizuri kuliko hili.